Kliniki ya sheria Nairobi inatafuta mhadhiri mgeni wa mwaka mmoja: tuanzie wapi?

Mratibu_Kliniki

Habari zenu wadau. Kliniki yetu ya sheria hapa Nairobi, ambako wanafunzi wa sheria hushughulikia kesi za wateja halisi chini ya msimamizi, ina wanafunzi 24 wa mwaka wa 3 na wa 4, na majalada 41 yaliyo hai. Mengi ni ya wafanyakazi waliofutwa kazi, kuna ya matunzo ya watoto, ya kodi ya nyumba, na machache ya wafungwa wanaokata rufaa. Tuna wasimamizi wawili. Mmoja anakwenda likizo ya masomo Septemba na atarudi Agosti ya mwaka unaofuata. Kitivo kimekubali tumwajiri mhadhiri mgeni wa kliniki kwa hiyo miezi 12.

Nimekwama kwenye mambo matatu. Tumtafute wakili wa hapa, au tumchukue mtu wa nje? Kuna profesa wa kliniki kutoka Marekani ambaye ameonyesha nia ya kuja. La pili, apewe wanafunzi wangapi? La tatu ni mahojiano yenyewe: tutamjuaje mtu anayeweza kusimamia, si kuhadhiri tu?

Idara ya wafanyakazi imetuletea fomu ile ile ya mhadhiri wa muda anayelipwa kwa saa za darasani, pamoja na rasimu ya tangazo inayotaka shahada ya uzamivu na machapisho 3. Naona haifai, ila sina hoja iliyonyooka ya kuwapelekea. Naombeni msaada.

Wakili_Makadara

Mratibu, kabla ya kugusa tangazo fungua kabati. Chukua majalada yote 41 uyagawe mafungu matatu: yatakayokwisha kabla ya Septemba, yatakayopita mikononi mwa mgeni na kuishia kwake, na yatakayobaki hata yeye akiwa amekwenda zake. Fungu hilo la tatu ndilo linaloamua unamtafuta nani. Mhadhiri mgeni wa somo la mikataba akimaliza muda wake anaacha alama za mtihani. Wa kliniki anaacha watu wenye tarehe za mahakamani. Kwa hiyo tangazo liandikwe kutokana na majalada, si kutokana na wasifu wa mtu unayemtamani.

Hoja ya kuwapelekea idara ya wafanyakazi ni hii: huyu mtu atatia sahihi. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kinataka wakili awe ameapishwa, jina lake liwe kwenye Orodha ya Mawakili, na awe na cheti cha uwakili cha mwaka huo. Mwanafunzi hana hata kimoja. Akiandika hati ya madai nzuri kuliko ya wakili wa miaka 20, bado inahitaji jina la mtu aliyetimiza masharti hayo matatu. Shahada ya uzamivu haiwezi kufidia cheti kilichokosekana, na machapisho 3 hayamsaidii mteja anayesubiri kesi yake kutajwa Jumatatu asubuhi. Waombe wabadilishe sharti la lazima liwe: wakili mwenye cheti hai, aliyefanya kazi kwenye mahakama za mahakimu angalau miaka 5, mwenye rekodi ya kusimamia wanagenzi au wasaidizi wa kisheria. Uzamivu na machapisho yawe nyongeza. Iwapo kanuni za chuo hazimruhusu mtu wa aina hiyo kuitwa mhadhiri, mpeni cheo kingine, msimamizi mgeni wa kliniki kwa mfano, na alama za somo zitiwe sahihi na mhadhiri wa kudumu.

Kuna hoja nyingine ambayo idara hizo huisahau. Kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi kinalinda siri kati ya wakili na mteja, na cha 135 kinaufikisha ulinzi huo kwa mkalimani, karani na mtumishi wa wakili. Mwanafunzi wa kliniki anaingia humo kwa sababu anafanya kazi chini ya wakili. Mwondoe wakili, uone kilichobaki: mama wa watoto watatu anayemweleza kijana wa miaka 21 mambo ya ndani ya nyumba yake, na hakuna kifungu kinachomzuia mtu kumwita kijana huyo kutoa ushahidi. Hii peke yake inatosha kukataa mgeni asiye wakili kuachiwa kliniki peke yake.

Sasa kalenda. Mgeni wa kliniki ana tatu, na hazilingani. Ya chuo ni wiki kama 14 za mafunzo kwa muhula. Ya Mahakama Kuu ina likizo kuanzia 1 Agosti hadi 15 Septemba, na tena 21 Desemba hadi 13 Januari. Kwa hiyo mtu akianza 1 Septemba, majalada ya Mahakama Kuu yamelala; atumie wiki hizo mbili kuyasoma. Ya tatu ni ya cheti: cheti cha uwakili huisha 31 Desemba, haijalishi kilichukuliwa lini. Mgeni wenu wa Septemba hadi Agosti atahitaji vyeti viwili. Andikeni kwenye mkataba nani analipia cha pili, na hakikisheni pointi zake za mafunzo endelevu ya LSK, chama cha mawakili wa Kenya, zimetimia kabla ya Desemba, maana bila hizo cheti kinachelewa na muhula wa Januari unaanza bila mtia sahihi.

Atakuja mtu akwambie Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015, katika National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, kwamba hati haibatiliki kwa sababu tu wakili aliyeiandaa hakuwa na cheti. Ni kweli, na uamuzi ule ulimkinga mteja. Haukumkinga wakili. Yeye bado ana kosa la kujibu, na kliniki inayofundisha maadili ya taaluma haiwezi kuwa na msimamizi wa namna hiyo.

Angalia pia bima. Bima ya dhima ya kitaaluma ya wakili mwenye ofisi yake mara nyingi inafunika kazi za ofisi hiyo tu. Mwombe barua kutoka kwa kampuni ya bima inayosema kazi za kliniki zimo, au chuo kikate yake. Na kliniki yenyewe: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 inavitambua vyuo vinavyoendesha kliniki kama watoaji wa msaada wa kisheria, chini ya Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kama karatasi zenu za ithibati zilimtaja msimamizi anayeondoka, wajulisheni mapema.

Mwalimu_Bi_Zuhura

Mratibu, Wakili_Makadara amekupa nani wa kumtafuta. Mimi nijibu idadi na mahojiano.

Vyuo vingi vya Marekani hushika wanafunzi 8 hivi kwa msimamizi mmoja. Si namba ya kubahatisha, piga hesabu mwenyewe. Wanafunzi 8, kila mmoja saa 1 ya usimamizi kwa wiki: saa 8. Darasa la kliniki saa 2 na maandalizi yake 4. Kusoma na kusahihisha rasimu, saa 6. Zamu ya kupokea wateja wapya, 4. Mahakamani, ukihesabu foleni ya Thika Road au Jogoo Road na kusubiri kesi iitwe, 6. Ongeza simu za wateja na barua, 4. Hiyo ni 34 kabla hajafungua barua pepe ya kitivo. Mkimpa 12 kwa sababu nyie mna 24 na wasimamizi ni wawili, cha kwanza kukatika ni ile saa ya mwanafunzi mmoja mmoja. Hapo kliniki inageuka darasa lenye wateja. Chukueni 8 kwake, 8 kwa msimamizi aliyebaki, na wale 8 waingie muhula wa pili au wafanye mradi usio na majalada, kama kuandaa mafunzo ya haki za wapangaji. Kwa mgeni, muhula wa kwanza 6 ni bora kuliko 8, kwa sababu bado anawajua wateja.

Mahojiano. Msimuulize "falsafa yako ya kufundisha ni ipi". Kila mtu ana jibu zuri la swali hilo. Mpeni kazi. Dakika 15 za kusoma, dakika 25 za kukaa na mwanafunzi halisi wa kujitolea, jopo linatazama bila kuingilia. Nakupa mfano mnaoweza kuutumia kama ulivyo.

Maelezo ya mteja, nusu ukurasa: mlinzi wa usiku, ghala la Industrial Area, kazi ya miaka 4, mshahara wa shilingi 14,000 uliotumwa kwa M-Pesa kila mwezi, hakuna mkataba wa maandishi. Aliambiwa kwa simu asirudi kazini. Tarehe ya simu hiyo iwekeni miaka 2 na miezi 10 nyuma ya siku ya mahojiano, iandikwe katikati ya aya, bila kupigiwa mstari.

Rasimu ya mwanafunzi, barua ya madai, sentensi yake kuu: "Mteja wetu alifutwa kazi kinyume cha sheria na anadai haki zake zote ndani ya siku 7."

Sasa tazameni. Mtahiniwa wa kwanza atatoa kalamu na kuiandika upya barua yote, vizuri sana, mwanafunzi akitikisa kichwa. Huyo ni wakili hodari. Mwanafunzi hakujifunza kitu. Wa pili atatoa hotuba ya dakika 20 kuhusu kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira, kwamba mfanyakazi lazima aelezwe sababu na asikilizwe mwenzake akiwepo. Kweli tupu, lakini hiyo ni mhadhara. Mnayemtaka anauliza: "Haki zake zote ni zipi? Zihesabu." Kisha ananyamaza. Mwanafunzi anahangaika, anataja notisi, likizo, malipo ya saa za ziada. "Na hiyo 14,000?" Mwanafunzi akiambiwa aangalie, atakuta iko chini ya kima cha chini cha mlinzi wa usiku Nairobi, kwa hiyo kuna dai la malipo pungufu ambalo mteja mwenyewe hakulitaja. "Utathibitishaje mshahara kama hakuna mkataba?" Taarifa ya M-Pesa. Imetoka kinywani mwa mwanafunzi.

Mtego wenyewe ni ile tarehe. Madai ya ajira yana ukomo wa miaka 3, kwa hiyo imebaki miezi 2, na barua ya siku 7 ikifuatwa na nyingine na nyingine inaweza kumla mteja muda wote. Hapa natazama mtahiniwa atafanya nini kwa mikono yake. Ameacha mwanafunzi ajikanyage kwenye mambo mengine, sawa. Kwenye ukomo wa muda anatakiwa asimamishe mchezo: "Weka barua kando. Soma tarehe hii. Lini tunapoteza dai?" Kama mwanafunzi haoni, amwambie waziwazi, na waandike tarehe ya mwisho kwenye jalada papo hapo, kabla ya kuendelea. Msimamizi asiyeingilia hata hapo kwa jina la kumwachia mwanafunzi ajifunze amemtoa mteja kafara. Na ambaye hakuiona kabisa, mshukuruni kwa muda wake.

Kazi ya pili fupi: mpeni wanafunzi 5 na jalada moja, aongoze mzunguko wa majalada, yaani kikao cha kulijadili jalada hilo pamoja, kwa dakika 20. Hesabuni dakika alizozungumza yeye. Zikipita 8, ulizeni kwa nini.

Kuhusu wapi pa kumpata: mawakili waliopitia mashirika ya msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973, au FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake lililoanza 1985, wameshazoea kusimamia watu wasio mawakili na kufanya kazi bila karani wa kutumwa. Zungumzeni na mashirika yao kuhusu kuwaazima, si kuwavua kazini. Mahakimu wastaafu wanajua mahakama kuliko mtu yeyote, ila mpimeni sana kwenye ile kazi ya mlinzi, maana aliyezoea kuamua hupata shida kuuliza. Mwendesha mashtaka wa ODPP, ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, anaweza kufundisha vizuri mazoezi ya kumhoji shahidi, lakini majalada yenu ya wafungwa hawezi kuyagusa, maana ofisi yake ndiyo upande wa pili.

Vibali_na_Karatasi

Naongezea la profesa wa Marekani, kwa sababu hapo ndipo vyuo vinajiingiza kwenye matatizo kwa nia njema.

Hawezi kuwa wakili wenu, hata kwa siku moja. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mawakili kinampa Mwanasheria Mkuu uwezo wa kumruhusu wakili wa nje kwa shauri moja lililotajwa, na ni kwa mtu anayeruhusiwa kusimama kwenye mahakama za juu za nchi ya Jumuiya ya Madola. Marekani haimo. Kifungu cha 31 kinakataza asiye na sifa kufanya kazi kama wakili, cha 34 kinamkataza kuandaa nyaraka kadhaa kwa malipo. Kwa hiyo kwenye barua yake ya uteuzi msiandike "kusimamia mashauri". Andikeni: kufundisha darasa la kliniki, kuendesha mazoezi ya kuigiza, kuwafunza wasimamizi, na kujadili majalada wakili wa kliniki akiwepo. Mlango wa ofisi usimwite wakili.

Hilo halimaanishi hana faida. Kule kliniki ni taaluma yenye mizizi: masharti ya chama chao cha mawakili, ABA, yanamtaka kila mwanafunzi amalize angalau krediti 6 za mafunzo ya vitendo kabla ya kuhitimu, kwa hiyo wamefikiri sana jinsi ya kutoa alama kwa kazi ya jalada na jinsi ya kuandika mwongozo wa kliniki. Lakini wanafunzi wa kule wanasimama mahakamani chini ya kanuni maalumu za majimbo yao. Mbinu zake nyingi zimejengwa juu ya ruhusa hiyo. Atakapofika mahakama za Milimani na kukuta mwanafunzi amekaa nyuma ya ukumbi akiandika tu, mpango wake wa muhula utapasuka katikati. Mtumieni mapema maelezo ya kile wanafunzi wenu wanaruhusiwa: kuhoji mteja, utafiti, rasimu, kumwandaa mteja anayejisimamia mwenyewe.

Kwa hilo la mwisho Mahakama ya Madai Madogo inawafaa mno. Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Siku 60 zinaingia ndani ya wiki 14 za muhula. Mwanafunzi anampokea mteja wiki ya 2, wanafungua wiki ya 4, na uamuzi ukifika anaona mwisho wa kazi yake. Ni mashauri machache Nairobi yanayompa mwanafunzi hiyo zawadi. Migogoro ya ajira haimo humo, msichanganye. Ya mtu anayelipwa hadi shilingi 80,000 kwa mwezi inakwenda kwa mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo.

Uhamiaji: mtu anayekuja kufundisha asiingie kwa idhini ya mtalii "halafu tutarekebisha". Kwa chini ya miezi 6 kuna pasi maalumu. Kwa mwaka mzima ni kibali cha daraja D, na kinafungwa kwa mwajiri aliyetajwa, kwa hiyo akitaka kusaidia chuo kingine siku mbili kwa wiki hakimfuniki. Anzeni miezi 4 kabla. Kinachochelewesha zaidi ni karatasi za kwao, hasa hati ya polisi na nakala za shahada zilizothibitishwa, kuliko foleni ya uhamiaji pale Nyayo House.

Ushauri wangu: mchukueni kwa wiki chache, si mwaka. Mpango wa Fulbright Specialist, wa serikali ya Marekani, ni wa wiki 2 hadi 6 na umeundwa kwa kazi kama hii, kuwafunza wasimamizi na kupanga mtaala. Aje Januari, mgeni wenu wa Kenya akiwa ameshamaliza muhula mmoja na ana maswali ya kweli ya kumuuliza.

Mratibu_Kliniki

Nimewasoma wote, asanteni sana. Nimegawa majalada jana jioni: 9 yatakwisha kabla ya Septemba, 18 yataishia kwa mgeni, 14 yatabaki hata akiondoka. Kati ya hayo 14, 6 ni rufaa za jinai.

Maswali mawili yamebaki. Malipo: idara bado inashikilia saa za darasani. Na hayo 14, nitayakabidhi vipi mara mbili, Septemba na tena Agosti, bila kumpoteza mteja?

Vibali_na_Karatasi

Malipo kwa kifupi. Ukilipa kwa saa za darasani, mgeni analipwa saa 2 kati ya zile 34 alizozihesabu Mwalimu Zuhura. Atakachofanya mtu yeyote mwenye kodi ya nyumba ni kurudi ofisini kwake kwa hizo 32, na wanafunzi watamtafuta kwa WhatsApp. Omba mzigo wa kliniki ya wanafunzi 8 uhesabiwe sawa na masomo mawili kamili, kisha mshahara wa mwezi kwa miezi 12, si kwa mihula miwili, kwa sababu wateja hawaendi likizo Mei.

Kodi: mtu anayefika kwa saa zilizopangwa, kwa vifaa vya chuo, chini ya mratibu, ni mwajiriwa machoni pa KRA, mamlaka ya mapato, hata mkimwita mshauri. Akiwa mwajiriwa mnakata PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (hifadhi ya jamii), SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwa chuo. Akiwa kweli mtoa huduma mkazi, zuio ni asilimia 5 ya ada. Asiye mkazi, asilimia 20. Mwambieni kiasi baada ya makato kabla hajatia sahihi. Wengi hukimbia mwezi wa pili kwa jambo hili.

Tenga pia fungu dogo linalojitegemea la ada za kufungua mashauri, viapo, nakala na nauli za wanafunzi kwenda mahakamani. Lisipitie mfukoni mwa mgeni akisubiri kurudishiwa.

Wakili_Makadara

Makabidhiano. Kwanza mfumo wa mahakama wa kufungua mashauri kwa mtandao. Nairobi ni lazima tangu 1 Julai 2020, na nchi nzima tangu Machi 2024. Akaunti inafungamanishwa na wakili na namba yake ya uwakili, ile ya P.105. Msimamizi wako akiondoka bila kuhamisha mashauri, notisi zote za tarehe zitaendelea kwenda kwake, huko aliko kwenye masomo, na wewe utajua kesi ilitajwa baada ya kufutwa kwa kutohudhuria. Orodhesheni mashauri yote yaliyo chini ya akaunti yake, moja moja, na msiite kazi imekwisha mpaka kila moja lionekane kwenye akaunti mpya.

Pili, kubadili wakili ni Agizo la 9 la Kanuni za Utaratibu wa Madai za 2010. Kabla ya hukumu, notisi ya kubadili wakili inafunguliwa na kuwapelekea wahusika. Baada ya hukumu, kanuni ya 9 inataka ruhusa ya mahakama au maafikiano na wakili anayeondoka. Kwa hiyo yale ambayo hukumu imesomwa na bado mnakazia utekelezaji, anayeondoka asaini maafikiano yote kabla hajapanda ndege. Njia inayopunguza mzigo huu wote ni kufungua mashauri kwa jina la wakili wa kudumu wa kliniki tangu mwanzo, mgeni akifanya kazi chini yake. Kwa hayo 14, fanya hivyo sasa. Agosti hutakuwa na notisi hata moja ya kuandika.

Tatu, ukurasa mmoja mbele ya kila jalada. Jina la mteja, namba mbili za simu pamoja na ya jirani au ndugu, hatua iliyofikiwa, tarehe inayofuata, na tarehe ya mwisho ya kisheria kwa wino mwekundu. Rufaa ya jinai ni siku 14 tangu hukumu, ya madai kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu siku 30. Kanuni zinasema siku za 21 Desemba hadi 13 Januari hazihesabiwi, lakini hiyo ni kwa muda uliowekwa na Kanuni za Madai zenyewe au kwa amri ya mahakama. Msiiegemee kwa zile rufaa 6 za jinai.

Nne, walipwe wiki 2 za kukaa pamoja, anayeondoka na anayeingia. Chuo kitasema ni kulipa watu wawili kwa kazi moja. Kikubali. Ndani ya wiki hizo mgeni akutane na kila mteja wa yale 14 uso kwa uso, mwenye jalada akiwepo. Kwa wafungwa, wapange siku moja ya gereza la Kamiti na moja ya gereza la Lang'ata. Mteja aliyekuwa anamwita mtu "wakili wangu" akiletewa jina jipya kwa ujumbe wa simu, anadhani ametelekezwa, na hajitokezi tena.

Mwalimu_Bi_Zuhura

Nyongeza kwa la Wakili, kuhusu data. Mgeni apewe barua pepe ya chuo na mahali pa kuhifadhi majalada pa chuo siku ya kwanza. Asitumie kompyuta yake wala hifadhi yake binafsi ya data. Maelezo ya watoto na ya afya ya wateja ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na uvujaji wenye hatari kwa mtu unaripotiwa kwa Kamishna ndani ya saa 72. Makundi ya WhatsApp ya kliniki yatumike kwa ratiba tu: "Kikao saa 8, chumba kile." Jina la mteja lisiingie humo.

Na tangazo litoke Machi, Mratibu. Mawakili wazuri hupanga kalenda zao za Septemba kabla ya likizo ya Agosti, na wewe unahitaji Juni yote kwa ile kazi ya mlinzi, mtahiniwa mmoja mmoja.

Mratibu_Kliniki

Nimeelewa. Kesho napeleka idara ya wafanyakazi tangazo jipya, hesabu ya saa 34, na nakala ya kifungu cha 9. Orodha ya mashauri yaliyo kwenye akaunti ya msimamizi anayeondoka naianza usiku huu.